Kitabu Nilichokifukiza

Mara ya kwanza niliingia maktaba ya Isiolo kwa sababu ya choo. Sioni haya kuandika hivyo. Gari la maziwa lilikuwa limechelewa, sisi wanawake wa maziwa tumeketi juu ya mitungi kando ya barabara tangu asubuhi, na choo cha stendi kinataka mtu mwenye roho ngumu. Mwenzangu akaniambia, "Nenda pale kwa jengo la vitabu. Sema umekuja kusoma. Choo chao kina maji."

Nikaenda. Mlangoni nikamkuta kijana wa shati safi, ndiye mkutubi, mtunza vitabu. Nikamwambia, "Mwanangu, nimekuja kusoma." Akatazama mikono yangu, ambayo hata niioshe vipi inanuka maziwa ya ngamia na moshi, akasema, "Karibu, Mama." Hakuuliza nitasoma nini. Choo kweli kilikuwa na maji. Nilipotoka nikaona aibu kupita moja kwa moja kama mwizi, kwa hiyo nikaingia ukumbini.

Hapo nikafanya kosa langu la kwanza, na wala si kubwa kama la pili. Kwetu Waborana ukikuta watu wameketi, huwezi kuketi nao ukanyamaza. Ni kama umewaletea laana. Unampa kila mmoja mkono na kumwuliza: kwenu ni amani? Watoto ni amani? Mifugo ni amani? Mvua imeonekana? Nikaanza na mwanafunzi aliyekuwa karibu na mlango, nikaendelea meza kwa meza. Watu walikuwa kama ishirini. Wengine walinipa mkono huku kidole kimebaki kwenye mstari wa kitabu. Msichana mmoja aliniambia kwa sauti ndogo kwamba kwao Kinna mvua haijanyesha lakini mfereji una maji. Nikafurahi sana, nikamwuliza na habari za mahindi.

Mkutubi alingoja nimalize watu wote. Ndipo akaniletea kiti, akainama sikioni mwangu. "Mama, hapa watu husalimiana kwa macho."

"Kwa macho? Na mifugo yao nitajuaje?"

"Nje kuna benchi. Pale unaweza kuuliza mpaka habari za mbuzi."

Mzee mmoja aliyekuwa nyuma ya gazeti akacheka kwa nguvu hadi gazeti likatetemeka. Huyo alikuwa dereva wa lori zamani, Mmeru, sasa amestaafu na huja kila siku kusoma magazeti yote bila kuruka hata matangazo ya vifo. Tangu siku hiyo aliniita Mama Maziwa.

Nikaketi. Ngoja niseme kuhusu kile kiti. Mguu wangu wa kushoto una kipande cha risasi ambacho daktari alisema kikae hukohuko, kwani kukitoa ni kuharibu zaidi. Nikikaa juu ya mtungi kinauma. Nikikaa hotelini lazima niagize chai, na chai ikiisha mhudumu anapangusa meza mara tatu ili nielewe. Kwa watu ninaowatembelea lazima niseme nimekuja kwa nini. Kiti cha maktaba kilikuwa na mgongo, kilikuwa mahali pa baridi, na hakuna aliyenitazama kwa jicho la "utaondoka saa ngapi." Niliketi hapo mpaka mwenzangu akaja kuniita kwamba gari limefika.

Nimetaja risasi, kwa hiyo nimalize hilo. Watu walionifikisha nilipo ni watatu, na majina yao nimeyaweka. Siku nikiulizwa nitayasema. Hapa nataja kazi zao. Wa kwanza ni ndugu mdogo wa baba yangu, kule Sericho. Baba alipofariki alinitoa shule nikiwa darasa la pili, akanipa mbuzi nichunge, na mbuzi wenyewe walikuwa wa baba yangu. Alisema, "Msichana akijua kusoma atasoma barua za wanaume." Wa pili ni dalali wa mifugo aliyekunywa chai kwangu Jumamosi, akasifu ngamia wetu mmoja mmoja, akauliza tutahamia kisima gani. Jumatatu wavamizi walikuja kisimani hapohapo. Mume wangu alibaki pale. Sitasema waliopiga risasi ni kabila gani, kwa sababu hawangetupata bila mtu aliyekunywa chai yangu. Wa tatu ni mheshimiwa aliyekuja baadaye na mablanketi na watu wa kamera, akanishika bega, akaahidi ngamia watarudishwa. Blanketi ninalo mpaka leo. Ni jembamba.

Basi. Hao wote walichukua. Nikahamia mtaa wa Kiwanjani na binti yangu, nikaingia biashara ya maziwa ya ngamia wa watu wengine.

Nikawa nakuja maktaba kila gari likichelewa, na gari letu linajua kuchelewa. Siwezi kuketi mahali pa vitabu miezi bila kufungua kimoja, hata aibu ina mwisho wake. Nilianza na vitabu vya watoto kwa sababu vina herufi kubwa. Nilikaa nao kwenye viti vyao vifupi, mguu umenyooshwa, nikitembeza kidole. Herufi za darasa la pili zilikuwa bado zimo, kama kovu ambalo ukiligusa unakumbuka. Mzee wa gazeti akipita ananiambia, "Mama Maziwa, leo sungura amefanya nini?"

"Amemdanganya fisi."

"Tena? Huyo fisi naye hasomi?"

Hapo utawaona watu wa kila namna, na kila mtu ana lake. Wanafunzi wanataka kimya na mahali pa kuchomeka simu. Mama mmoja Mturkana huja na mtoto mchanga saa za jua kali, anamlaza kwenye mkeka wa watoto, anafungua kitabu cha picha za nyumba, na mara wote wawili wamelala. Mkutubi hapiti hapo na viatu. Mzee anataka gazeti lake kabla halijakunjwa na mtu mwingine. Mimi nilikuwa nataka kiti, na sikujua kama kuna kitu zaidi.

Siku moja nikaona kwenye rafu kitabu chembamba chenye picha ya ngamia juu. Kilikuwa cha Kiswahili, kinaeleza jinsi ya kumtunza ngamia na kumkamua. Nilikishika nikasahau mitungi. Gari likaita, bado niko ukurasa wa nne. Mkutubi akaniambia, "Mama, si ukiazime? Nenda nacho nyumbani wiki mbili."

Nilidhani ananitania. "Niende nacho? Na wewe utabaki na nini?"

"Nitabaki na jina lako."

Kumbe kulikuwa na kadi, na kadi ilitaka mdhamini. Nikarudisha kitabu kwenye rafu. Mambo ya mtu kunisimamia siyapendi, baba mdogo alinisimamia na mkaona matokeo. Lakini mzee alikuwa ameshasikia. Alikuja na kalamu tayari.

"Leta hiyo fomu."

"Mzee, hunijui. Hujui hata kwangu."

"Mtu anayesalimia watu ishirini kabla ya kwenda msalani hawezi kuiba kitabu."

"Nilikuwa nimeshatoka msalani!"

"Basi hata zaidi."

Akatia sahihi. Kadi ikatoka, ina jina langu la tatu, la baba yangu, ambalo sikuwa nimelisikia tangu nitolewe shule. Nilibeba kile kitabu kifuani, ndani ya mtandio, mpaka Kiwanjani. Njiani nilikuwa nageuka nyuma. Sikuogopa mwizi. Nilikuwa nangoja yule kijana anifuate aseme amebadilisha mawazo. Hakuja.

Nilikisoma siku kumi na mbili. Binti yangu alikuwa akipika, mimi namsomea: ugonjwa wa kiwele, dalili za kupe, namna ya kumzoesha ndama. Sehemu nyingine tulicheka. Sehemu nyingine nilinyamaza kwa sababu picha ya ngamia mmoja ilifanana na wetu, yule wa sikio lililopasuka.

Sasa kosa la pili. Kwetu chombo cha kuazima hakirudi kwa mwenyewe bila moshi. Jirani akikupa kibuyu chake cha maziwa, ukimaliza unakiosha, unachoma vijiti vya ejersa, ule mti wa moshi mtamu, unakifukiza ndani mpaka kinanukia, ndipo unakirudisha. Kukirudisha kitupu kinanuka jana yake ni kumwambia jirani kwamba hukumthamini. Watu wameachana kwa ajili ya kibuyu. Jioni ya siku ya kumi na tatu nikakitazama kile kitabu. Kilikuwa kimekaa jikoni kwangu siku zote hizo. Kina alama ya dole langu la mafuta. Kukiosha siwezi, ni karatasi. Lakini moshi?

Binti yangu aliona ninavunja vijiti. "Aayo, mama yangu, unafukiza nini? Mitungi si tayari?"

"Kitabu cha watu."

Akatazama vijiti, akatazama kitabu. Yeye amemaliza darasa la nane. "Sijui kama vitabu hufukizwa."

"Wewe umewahi kuazima kitabu?"

"Hapana."

"Basi."

Nikaweka makaa kwenye chetezo, vijiti juu, kitabu nikakisimamisha kimefunguka kama mbawa, nikafunika na kapu. Nilikigeuza mara tatu kwa haki. Nilipokitoa, kilikuwa kinanukia vizuri hata ningeweza kukipeleka harusini. Niliona jalada limejikunja, na kurasa zimekuwa na rangi ya chai. Nikasema zitanyooka asubuhi.

Hazikunyooka.

Siku niliyorudisha kulikuwa na mgeni. Mkubwa kutoka ofisi za juu, mwanamke wa miwani, wanamwita Madam, alikuja kukagua maktaba na kugawa fomu za kuuliza watu wanathamini nini hapo. Alikuwa amesimama kando ya meza ya mkutubi nilipotoa kitabu kwenye mtandio. Mkutubi akakipokea kwa mikono miwili. Akakinusa.

"Mama, nyumba iliungua?"

"Nyumba iko salama."

"Na kitabu?"

"Kitabu nimekirudisha na heshima yake."

Madam akanyoosha mkono. Ile plastiki ya jalada ilikuwa imejikunja kama ngozi ya mbuzi iliyosahauliwa juani. Akafungua, moshi ukampanda, akapiga chafya mara mbili. Ukumbi mzima ukageuka.

"Hiki kimeharibiwa," akasema. Hakuwa na ukali, na hiyo ndiyo iliyoniumiza. Alisema kama mtu anayesoma mizani. "Kanuni iko wazi. Mwanachama akiharibu kitabu, kadi inarudi. Mama, kadi yako."

Nilikuwa nayo mkononi. Nimechukuliwa mbuzi, nimechukuliwa shule, nimechukuliwa ngamia na mume, na sikumbuki hata mara moja kulia mbele ya watu. Lakini kile kikadi cha karatasi ngumu, chenye jina la baba yangu, nusura kinilize. Nikakiweka mezani. Sikuweza kuondoa kidole changu juu yake.

Mzee akakunja gazeti. Mzee huyo hakunji gazeti kwa mchezo. "Madam, samahani. Mimi ndiye mdhamini. Hiyo kanuni inasema kimeharibiwa vipi?"

"Kisichoweza kusomeka tena."

"Na hicho hakisomeki?"

"Mzee, ukiangalia hali yake..."

"Mimi nimeendesha lori miaka mingi, Madam. Gari lililobonyea na lililokufa ni magari mawili. Mpe asome. Kisiposomeka, chukua kadi yake na uchukue yangu, nikasome magazeti ya kufungia nyama."

Madam akamtazama mkutubi. Mkutubi akatazama dari. Kisha akanigeuzia kitabu taratibu. "Mama, ukurasa wowote."

Kusoma kwa sauti, mle ndani, mahali ambapo watu husalimiana kwa macho! Nikainuka. Mguu ulikuwa unauma na sikujali. Nikafungua kilipofunguka chenyewe, sura ya kukamua. Nikaanza. Sauti yangu ilitoka kama ya mtu anayevuka mto kwa mawe, jiwe moja, asimame, jiwe la pili. "Ki-wele cha nga-mia kina chuchu nne." Kijana mmoja wa chuo akaziba mdomo. Nikamtazama. "Wewe hukunyonya?" Watu wakaangua kicheko, na kicheko hicho kikanifungua kifua. Nikaendelea haraka zaidi. "Mkamuaji akamue chuchu zote nne mpaka maziwa yaishe, ndipo amruhusu ndama..."

Nikasimama.

"Umeshindwa?" akauliza Madam, na nadhani alisema kwa huruma.

"Sijashindwa. Kitabu ndicho kimeshindwa. Hapa kimesema uongo."

Mzee akapiga paja lake.

"Uongo gani, Mama?" mkutubi akauliza.

"Zote nne? Na ndama ale nini, hewa? Chuchu mbili ni za watu, mbili ni za ndama. Zetu tunazifunga kwa kamba ya gome ili asizifikie, zake tunamwachia. Ukizimaliza zote ndama anakufa, na ngamia akikosa ndama anakataa kutoa maziwa, utakaa chini yake na bakuli mpaka ugeuke mti. Aliyeandika hiki hajawahi kukamua ngamia. Amekamua kalamu."

"Wewe umewahi?" Madam akauliza.

"Kwetu ni kazi ya wanaume. Mume wangu alipouawa wanyama wawili walibaki, na wanaume hawakubaki. Nikajifunza."

Nilisema kwa sauti ya kawaida tu. Yule mama Mturkana aliamka na mtoto wake, akanisalimu kwa macho. Madam akavua miwani, akaifuta, ingawa haikuwa chafu. Akauliza moshi ulikuwa wa nini. Nikamweleza kuhusu kibuyu, na jirani, na kurudisha chombo. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akakivuta kitabu, akafungua ukurasa mmoja, mwingine, mwingine, akisoma midomo ikicheza.

"Kinasomeka," akasema. Akasukuma kadi kwa kidole mpaka ikagusa mkono wangu. "Lakini Mama, usirudie. Tafadhali. Karatasi si kibuyu."

"Sirudii."

"Na hilo la chuchu mbili liandikwe," akamwambia mkutubi.

Mkutubi akanipa kikaratasi na penseli. Ilinichukua muda mrefu. Niliandika: *Hapa si kweli. Mbili ni za ndama.* Akataka nitie na jina, nikasema hapana. Chini yake akaandika mwenyewe, *Msomaji wa Isiolo*, akakibandika ndani ya ukurasa. Kipo mpaka leo, nenda ukaangalie. Kitabu chenyewe huna haja ya kukitafuta kwa macho, kifuate kwa pua. Mkutubi aliniambia sasa ndicho kinachoazimwa zaidi kwenye rafu ile, wanafunzi wanakipitisha mkono kwa mkono wakinusa. Msichana wa Kinna alisema kinanuka kama nyumbani kwa bibi yake.

Siku ile nami nilipewa fomu kama watu wengine. Swali lilikuwa moja: unathamini nini zaidi katika maktaba hii? Wakaacha mistari miwili. Mzee alimaliza yake kwa neno moja, "Gazeti," akaanza kuchungulia yangu.

"Andika kiti, Mama Maziwa. Kila siku unasifu kiti."

"Nyamaza, nafikiri."

"Andika choo basi. Ndicho kilikuleta."

Kiti ni kweli. Choo ni kweli, na Mungu awabariki kwa maji yao. Lakini nilikuwa nafikiria siku ile nilipokuwa nageuka nyuma njiani. Niliandika, na mistari miwili haikutosha, nikapanda ukingoni mwa karatasi: *Watu wamenichukulia vitu maisha yangu yote. Hapa mtu alinipa kitu, akaniacha niende nacho, hakunifuata. Hicho ndicho.* Madam aliikunja fomu yangu peke yake. Sijui aliipeleka wapi.

Nimeshaazima vitabu vingine tangu hapo. Ahadi ni ahadi, sikufukiza hata kimoja. Lakini mara ya kwanza kurudisha kitabu bila moshi nilihisi kama nimetembea sokoni bila mtandio. Nililala nikiwaza. Asubuhi nikachukua kitambaa, nikashona mfuko wenye kamba, ukubwa wa kitabu. Mfuko ndio ninaoufukiza. Unakaa kwenye kapu mpaka unukie vizuri, nauacha upoe, nakitia kitabu ndani, naenda nacho. Mkutubi anapokea mfuko, anatoa kitabu kikavu, anakigeuza mbele na nyuma, ananirudishia mfuko. Kanuni yake imetimia na yangu imetimia.

Na mzee, bila kuinua macho kwenye gazeti, anasema, "Mama Maziwa amefika. Kwenu ni amani?"

Nami namwinulia nyusi tu, kwa sababu najua desturi za mahali. Mengine tutaulizana nje, kwenye benchi.